TAMTHILIA TUNAZOTAZAMA NA MAONI TUNAYOTOA

(Mada iliyotolewa na mwanafunzi wa chuo kikuu mbele ya vijana na wazazi, baada ya futari, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote ni za Allah (SWT), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba wake.



Nilipopewa mada hii nilicheka. Ndugu aliyepanga ratiba aliniambia, "Wewe utazungumza juu ya tamthilia." Nikamuuliza, "Mbona mimi? Wenzangu wamepewa zaka, wengine itikafu, mimi napewa televisheni?" Akanijibu, "Kwa sababu kila tukikaa baada ya tarawehe, wewe ndiye mwenye maneno mengi." Sikuwa na jibu. Wallahi ni kweli.

Basi niseme mapema. Mimi si sheikh wala si mufti. Ipi yafaa kutazamwa na ipi haifai, swali hilo nawaachia maustadh waliokaa hapa mbele. Mimi nitazungumza juu ya jambo dogo ambalo sote twalifanya: kukaa na kuulizana, "Siku hizi waangalia nini? Umefika wapi? Waonaje?" Maswali haya twayauliza hosteli, twayauliza jikoni wakati wa kukaanga viazi vya karai, twayauliza barazani. Hatuyahesabu kuwa ni kitu. Nami sikuyahesabu, mpaka yaliponigharimu mara mbili. Nitawaeleza zote mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa hosteli. Nilipoingia chuo mwaka wa kwanza, chumba chetu kilikuwa na vijana wanne, na sote tulikuwa tukitazama tamthilia moja ya Kituruki, Diriliş: Ertuğrul. Wengi wenu mnaijua. Kwa wasioijua: ilianza kuonyeshwa Uturuki mwezi wa Desemba 2014 katika TRT, ambayo ni televisheni ya serikali, ikaisha mwezi wa Mei 2019. Ina misimu mitano na vipindi 150, na kila kipindi ni kama saa mbili. Inamhusu Ertuğrul, baba yake Osman, yule ambaye dola ya Osmaniya imeitwa kwa jina lake. Kuna farasi, kuna mahema, kuna Turgut na shoka lake, Bamsı na panga zake mbili. Kabla ya vita watu wanasali. Wazee wanapewa heshima yao. Sisi tuliokulia kwenye filamu ambazo Mwislamu huwa ndiye mwenye kulipua bomu, tulipoona Mwislamu ndiye shujaa, tulilewa. Sitafuti neno jingine. Tulilewa.

Sasa usiku mmoja mwenzetu mmoja akasema, kwa upole tu: "Jamaa, mchezo ni mzuri, lakini msisahau umetengenezwa na televisheni ya serikali. Unasema yale serikali ingependa watu wayasikie." Mimi nikaruka. Nikamwambia, "Wewe una ugonjwa moyoni. Makafiri wakijisifu huoni, Mwislamu akisifiwa roho yakuuma." Nilimwambia hivyo mbele ya wenzetu. Akanyamaza. Tukakaa wiki mbili chumba kimoja, kitanda changu na chake vimetenganishwa na hatua tatu, hatuamkuani. Na tumefundishwa madrasa tangu tukiwa wadogo kwamba si halali Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu! Nilikuwa naijua hadithi hiyo kwa moyo. Wiki mbili, kwa sababu ya mchezo wa televisheni.

Baadaye, nilipotulia, nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba yale aliyoyasema mwenzangu, mataifa mazima ya Waislamu yamehitilafiana juu yake. Pakistan, waziri mkuu wa wakati huo, Imran Khan, aliisifu tamthilia hiyo, na katika Ramadhani ya mwaka 2020 televisheni ya taifa ya PTV ikaanza kuionyesha kwa Kiurdu. Mwaka huo huo wa 2020, Dar al-Ifta ya Misri ikatoa tamko la kuwaonya watu juu ya tamthilia hizo za Kituruki, ikisema zinatumiwa kueneza siasa. Tazameni: tamthilia moja, mwaka mmoja, nchi mbili za Kiislamu. Na sote twajua kwamba wakati ule uhusiano wa serikali ya Misri na ya Uturuki haukuwa mzuri. Kwa hivyo hata anayesema "hiyo ni siasa" huenda naye ana siasa yake. Mtu mzima huuliza pande zote mbili: nani anasifu, na kwa nini? Nani anakemea, na kwa nini? Mimi sikuuliza. Mimi nilitukana.

Nikakuta jambo la pili. Yule Ertuğrul wa kweli, wanahistoria wanajua machache mno juu yake. Kuna sarafu ya zamani ambayo Osman ametaja jina la babake. Kuna kaburi lake Söğüt, Uturuki. Vitabu vya tarikh vinavyosimulia habari zake viliandikwa zaidi ya miaka 100 baada ya yeye kufa. Ndani ya tamthilia mnamuona Ibn Arabi akimtokea na kumpa mawaidha. Ibn Arabi alikuwa mtu wa kweli: alizaliwa Murcia katika Andalusi mwaka 1165, akafariki Damaski mwaka 1240. Lakini kwamba alikutana na Ertuğrul, hilo halina ushahidi wa kihistoria. Ni utunzi. Na utunzi si dhambi, mradi tuuite utunzi. Ubaya ni mimi niliyesimama mbele ya wadogo zangu madrasa nikawasimulia kipindi cha televisheni kana kwamba nasimulia tarikh. Watoto wale mpaka leo sijui nitawafutia vipi.

Ndugu zangu, sisi ni umma ambao wanavyuoni wake walisafiri miezi kutafuta hadithi moja na kuhakikisha aliyeipokea ni nani. Leo mtu anatoa maoni makali juu ya mchezo ambao hata hajauona, ameona kipande cha dakika moja kwenye simu! Akiulizwa, anasema, "Nimesikia ati ni mbaya." Kutoka kwa nani? Hajui.

Na kuhitilafiana kwenyewe si kitu kigeni kwetu. Mwaka 2012, Ramadhani ya 1433, MBC na televisheni ya Qatar walionyesha tamthilia ya "Omar", juu ya maisha ya Sayyidna Umar bin Khattab (RA). Mwelekezi wake alikuwa Msyria, Hatem Ali, na mwandishi wake ni Walid Saif. Ilikuwa ya vipindi kama 30, yaani usiku mmoja kipindi kimoja mwezi mzima, kama ilivyo desturi ya nchi za Kiarabu katika Ramadhani. Azhar walipinga, maana kwao haifai maswahaba wakubwa kuigizwa. Wanavyuoni wengine, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, walikuwa katika kamati iliyopitia maandishi yake, wakaona inafaa. Hawa ni wanavyuoni na hawa ni wanavyuoni, kila upande na hoja zake. Wazazi wetu nao walipitia hayo hayo kwa filamu ya "The Message" ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976, ile tuijuayo kwa jina la ar-Risala, ambayo haikumuonyesha Mtume (SAW) wala kutoa sauti yake. Wengine waliitazama kwenye kanda za video na wakalia. Wengine hawakukubali kuiingiza nyumbani. Na wote walikutana msikitini safu moja. Hilo ndilo ninalotaka tulichukue.

Nilimuomba msamaha mwenzangu yule. Alicheka, akaniambia, "Wewe bwana, mimi nilikuwa msimu wa tatu tayari, wewe msimu wa kwanza. Naijua kuliko wewe!" Ikaisha hapo. Hii ya kwanza iliisha vizuri.

Ya pili ni ya nyumbani, na hii ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Nyanya yangu yuko Mombasa. Ramadhani ya mwaka 2023 nilirudi likizo. Wakati huo Citizen kulikuwa na tamthilia ya "Sultana", iliyoanza mwaka 2022, ya binti wa Pwani asiyeona. Nyanya yangu alikuwa akiipenda, hakosi. Alikuwa na kiti chake cha mbao, anakisogeza mpaka karibu kabisa na televisheni, nyuso zao karibu zigusane. Sisi twacheka, "Nyanya ataka kuingia ndani." Na alipenda kuizungumza. Nikikaa naye asubuhi ananiita, maana nyanya na mjukuu ni utani: "Mume wangu, njoo nikwambie ya Sultana jana."

Mimi mwanachuo, mtazamaji wa Ertuğrul, nikawa namkatiza. "Nyanya, huo mchezo ni wa mapenzi na fitina tu. Kuna michezo yenye dini, nikuwekee?" Akanijibu, "Si kitu, baba." Siku nyingine akaniambia, "Yule mtoto apapasa ukuta vile, ni kweli kabisa. Mtu huanza na ukuta." Mimi nikasema, "Ni mwigizaji nyanya, anaona vizuri sana." Nikaondoka. Siku nyingine tena akasema, "Kibaya si giza. Kibaya ni watu kukusemea kana kwamba hupo." Nikaona hayo ni maoni ya mtu mzima juu ya mchezo. Nikarudi kwenye simu yangu. Baada ya hapo hakuniita tena kunisimulia. Nilidhani amechoka na mchezo.

Rajabu ya mwaka uliofuata alianguka ngazini. Alhamdulillahi hakuvunjika. Lakini shangazi yangu alimpeleka kliniki ya macho, na daktari akakuta mtoto wa jicho macho yote mawili, la kushoto na la kulia. Mtoto wa jicho, kwa wasiojua, ni lenzi ya ndani ya jicho kuingia ukungu. Yatibika: daktari huitoa lenzi ile na kuweka ya bandia, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Jicho la kushoto alifanyiwa, leo anaona, anachambua mchele mwenyewe. Lakini la kulia lilikuwa pia na presha ya jicho. Presha hiyo huua mshipa wa kuonea polepole, pasi na maumivu, na mshipa ukifa haurudi. Daktari aliuliza, "Alianza lini kulalamika?" Shangazi akasema, "Hajalalamika."

Mimi nilikuwa kwenye simu nasikiliza. Nilinyamaza, maana mimi nilijua. Alilalamika. Alinilalamikia mimi, mwezi mzima wa Ramadhani, kila asubuhi, kwa maneno ya Sultana. Mtu mzima wa watu, hataki kusumbua watoto wake, akatafuta mlango wa kuingilia. Mlango ukawa ni huo. Nami nikaufunga, nikamwambia mchezo wake hauna dini.

Ndugu zangu, sisemi kwamba lau ningesikiliza jicho lingepona. Hilo analijua Allah peke yake, na daktari hakusema hivyo. Nasema tu kwamba niliambiwa na sikusikia.

Nilipokwenda kumuomba radhi aliniambia, "Ushasamehewa zamani. Sasa nambie yule Mturuki wako amefika wapi." Nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali, akanipa na maoni yake. Ati mamake Ertuğrul, Hayme Ana, ndiye mwanamume wa pekee katika kabila lile. Sijasikia maoni mazuri kuliko hayo hosteli nzima!

Na nyanya huyo huyo ndiye aliyenipa fatwa yake ndogo juu ya kusengenya. Nilimuuliza, "Nyanya, nyinyi mkikaa kumsema mtu wa kwenye mchezo, si ghiba?" Akasema, "Yule si mtu, ni hadithi. Mseme mpaka uchoke. Lakini ukisema 'ana roho mbaya kama mke wa fulani', hapo ushatoka kwenye televisheni, waingia nyumbani kwa watu." Sura ya Hujurat imetukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Mara ngapi twaanza na mchezo tukaishia kwa jirani? Na waigizaji nao ni watu. Mwaka 2020 yule dada Mturuki aliyeigiza Halime, mkewe Ertuğrul, aliandamwa na watazamaji kutoka nchi nyingine kwa mavazi anayovaa katika maisha yake. Walimtaka awe Halime. Yeye si Halime. Kumnasihi mtu kuna adabu yake, na kumtukana mwanamke usiyemjua si nasaha.

Sasa niyakusanye, maana adhana ya Isha yakaribia na ustadh ashaanza kuitazama saa.

Kwanza, tusiseme juu ya tusichokiona. Na tukisema, tutenganishe hadithi na tarikh, hasa mbele ya watoto.

Pili, tuhesabu wakati. Vipindi 150 vya saa mbili mbili ni saa 300. Mimi huisoma juzuu moja kwa dakika 40. Juzuu 30 ni dakika 1,200, yaani saa 20. Kwa hivyo Ertuğrul ni khitma 15. Sisemi mtu asitazame, mimi mwenyewe nimeimaliza yote. Lakini nilipofanya hesabu hiyo sikuweza tena kumwambia ustadh wangu kwamba sina nafasi ya kudurusu.

Tatu, mwenzio akihitilafiana nawe juu ya mchezo, mjibu juu ya mchezo. Usiuguse moyo wake wala imani yake. Ya moyoni hukupewa wewe kuyapima.

Nne, na hili ni la vijana: usimwambie mwenzio mwisho kabla hajaufikia. Mwacheka, lakini hiyo nayo ni haki yake!

Tano, na ndiyo niliyokuja kuisema. Mtu akikwambia anavyouona mchezo fulani, msikilize kwanza kabla ya kuuhukumu mchezo. Dada yako akikwambia, "Yule binti alifanya vizuri kumwambia mamake," muulize kwa nini aona hivyo. Mdogo wako akiwa anapenda tu zile sehemu za kijana anayeonewa shuleni, muulize. Baba akikaa kimya kila ionyeshwapo habari ya mtu aliyeachishwa kazi, kaa karibu naye. Huenda ni mchezo tu. Aghlabu huwa ni mchezo tu. Lakini hutajua ikiwa hukuuliza.

Mwezi huu wa Ramadhani twakaa pamoja zaidi kuliko miezi mingine yote. Twafuturu sahani moja, twaamshana daku. Tutazungumza tu, na tamthilia nazo zitatajwa, hata tukikatazana. Basi tuzizungumze kwa adabu, na tuwe na masikio. Na wenye wazazi na nyanya wanaosogeza kiti karibu na televisheni, tafadhalini, msicheke kama nilivyocheka mimi. Wapelekeni wakapimwe macho.

Mimi leo nikitoka hapa nitapiga simu Mombasa. Kuna tamthilia mpya nyanya ameanza, na tangu juzi ananidai maoni yangu.

Nikiwa nimesema la sawa, ni kwa tawfiki ya Allah. Nikiwa nimekosea, ni mimi na shetani. Allah atukubalie saumu zetu, awaponye wagonjwa wetu, na awape nuru wazee wetu machoni na makaburini. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.